Manowari Zilizofungiwa Karanga

Mimi ni mwoga wa maji. Nimezaliwa Uvira, nimelelewa karibu na ziwa kiasi kwamba mawimbi tuliyasikia tukiwa mezani, na mpaka leo sijui kuogelea. Lakini niulize manowari fulani ya Kifaransa ya enzi za makaa ya mawe ilikuwa na dohani ngapi, nitakujibu kabla hujamaliza swali. Ninakusanya vitabu vya rejea kuhusu manowari za zamani, vile vinene vya Kifaransa ambavyo hakuna anayevichapa tena. Ndani yake kila nchi imepangwa kwa herufi na meli zake, na kila meli ina mchoro wa ubavu, uzito, unene wa deraya, yaani bamba la chuma la kujikinga, na idadi ya mizinga. Si vitabu vya hadithi. Humo hapendwi mtu wala halii mtu, na nadhani ndiyo sababu nilivipenda.

Majirani wamenishangaa tangu zamani, nami siwalaumu. Mji wetu ni mji ambao hata watoto wanajua kulala kifudifudi risasi zinapoanza. Mtu mzima mwenye akili zake anatafuta nini tena kwenye picha za mizinga? Dada yangu mkubwa, ambaye namwita yaya kama kila mtu hapa anavyomwita aliyemtangulia kuzaliwa, alihamia kwangu mke wangu alipofariki. Siku ya kwanza tu alisimama mbele ya kabati, akaviangalia vitabu vilivyopangwa juu yake, akanigeukia.

"Vita ya hapa inje haijakutosha? Unaleta ingine mu nyumba?"

Ningeweza kumwambia kwamba manowari za vitabuni zimetulia, zimepimwa, hazikimbizi mtu. Lakini aibu nilikuwa nayo tayari. Kuna mchana mmoja tulilala sakafuni wote wawili, yaya akimwomba Mungu kwa sauti, na mimi badala ya kuitikia amina nikawa nakisia mzinga uliolia upande wa mlimani ni wa kipenyo gani. Najisikia vibaya kila nikikumbuka.

Vitabu hivyo nilivipata kimoja kimoja. Viwili vilitoka kwa padri mzee aliyekuwa anafunga mizigo arudi kwao. Vingine nilivitoa Bujumbura, kwa wauza vitabu vya barabarani, ambao niligundua mapema kwamba usiwaonyeshe hamu. Kazi yangu ni deklaran, mtu wa kuwatengenezea wafanyabiashara karatasi zao za forodha bandarini Kalundu, kwa hiyo kujikausha uso najua. Vyote nilivipandisha juu ya kabati, kwa sababu tangu ziwa lilipopanda na kuingia hadi kwenye nyumba za watu, hakuna tena kitu cha maana tunachoweka chini.

Kilichokuwa kinanikosesha raha ni kwamba ziwa letu halikuwemo hata katika kimoja. Na manowari zilikuwepo hapa. Katika vita vya kwanza vya Wazungu, Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza walifukuzana juu ya maji haya kwa meli ndogo zilizoletwa vipande vipande kwa reli na kwa mabega ya watu. Wazee wa baba yangu walikuwa miongoni mwa hayo mabega. Meli moja ya Wajerumani waliizamisha wenyewe, baadaye ikaopolewa, ikaendelea kubeba abiria upande wa Kigoma miaka na miaka. Nilitaka kuona neno Tanganyika limechapwa kwenye kurasa zilezile zenye meli za wafalme. Ni hamu ya kitoto, najua. Lakini ndiyo iliyoniendesha.

Siku moja, nikitoka bandarini, nilinunua karanga kwa mama mmoja aliyekuwa na meza yake pembeni mwa soko la Mulongwe, karibu na duka la dawa. Alikuwa mjane kama mimi mgane, labda umri wetu mmoja, mwenye mikono ya haraka. Alikunja karatasi mfano wa pembe, akaijaza karanga, akanipa. Nilikuwa nimekwisha kula nusu na kufika katikati ya barabara nilipoona, chini ya kidole gumba, dohani mbili na mlingoti. Nilimwaga karanga zilizobaki mkononi nikaifungua karatasi. Ilikuwa manowari ya Waturuki, mchoro mzima, na vipimo vyake chini. Nilisimama palepale hadi mwendesha pikipiki mmoja akanitukana mimi na ukoo wangu.

Nikarudi mezani kwa mama huyo nikijitia hamnazo, nikanunua pembe ya pili. Meli za Wasuedi. Kitabu kilikuwa miguuni pake, ndani ya beseni, hakina jalada, kimevimba kwa maji. Baadaye nilikuja kujua kwamba kilitoka kwenye ofisi moja ya zamani kandokando ya ziwa. Maji yalipoingia, karatasi zote ziliuzwa kwa kilo kwa wauza karanga na mandazi. Kurasa za mbele zilikuwa zimeshikana, kwa hiyo alikuwa anachana kuanzia nyuma.

Mtu wa mbali ataniuliza kwa nini sikusema tu, mama, niuzie hicho kitabu. Hajui mji wetu. Hapa deklaran akionekana anatafuta karatasi za zamani zilizotoka ofisini, watu hawatasema anatafuta manowari. Watasema anatafuta hati za viwanja. Hati za viwanja ndizo zinazogombanisha ndugu na ndugu huku, na mbio za kwenda mahakamani zimemaliza ng'ombe za watu. Ningetamka tu neno kitabu mbele ya wale wauzaji wengine, jioni hiyohiyo beseni lingekuwa limehamia kwa mjomba wa mtu, na mimi nisingeona hata jani. Kwa hiyo niliuliza kwa mbali, kama mtu anayepitisha muda:

"Mama, hii karatasi unatoaka wapi?"

"Ni ya kufungia tu, papa. Iko mingi."

Basi nikaamua kununua karanga. Kila siku ya kazi nilipita pale. Kila nchi imepangwa kwa herufi za Kifaransa, na mama alikuwa anachana kinyumenyume, kwa hiyo niliuona mwisho wangu kabla sijaufikia: baada ya Wasuedi watakuja Warusi, halafu Wareno, kisha Wajapani, Waitaliano, Wafaransa wenyewe, na huko mbele kabisa, kwenye zile kurasa zilizoshikana, Ubelgiji na Ujerumani, ambao kwa Kifaransa huanza na A. Kama ziwa letu limo, limo huko. Kurasa nyingine zilikwenda kwa wateja wengine, nami niliumia moyoni nikiona mwanafunzi anakunja meli nzima ya Warusi na kuitupa mtaroni. Mara mbili niliokota. Mwenye suruali iliyopigwa pasi, nimeinama mtaroni Mulongwe, naokota takataka.

Nyumbani niliinyunyizia kila karatasi unga wa mihogo ili unyonye mafuta ya karanga, nikaung'uta, nikapitisha pasi ya mkaa juu ya kitambaa. Mafuta yalitoka vizuri. Yaya alishangaa unga wake unakwenda wapi.

Nilijaribu kununua pembe mbili tatu kwa mara moja, na hapo ndipo maneno yalipoanzia. Mwanaume asiye na mke, wa kazi ya ofisini, anapita meza zote za karanga, na karanga ni zilezile, anakwenda kusimama kwenye meza moja tu, kila siku, anasubiri akunjiwe pembe yake, anaishika kwa mikono miwili. Watu wa soko wana macho. Wanawake wa ndagala, dagaa wetu wa ziwani, waliokaa mbele yake wakaanza kuniitikia salamu kwa kuivuta, "Karibuuu, papa," na kucheka wakijifunika kitenge mdomoni. Mimi nilidhani wananicheka kwa ulafi.

Naye alianza kuniongezea. Kwanza konzi ndogo juu ya pembe, ile tunayoita matabishi. Kisha konzi kubwa. Karanga zikizidi, pembe ilihitaji karatasi mbili badala ya moja, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwa sababu ya ile karatasi ya pili. Nikawa namsemesha ili akunje polepole, nipate kuangalia kitabu kimefika wapi. Nilimuuliza habari za mvua, za watoto wake waliokwisha kuolewa, za barabara ya Luvungi, kule walikotoka wale waliomletea karanga mbichi kwa pikipiki. Alikuwa na namna ya kupuliza maganda kutoka kiganjani huku akiniangalia juu ya mkono wake, na alikuwa mchekeshaji. Akimwiga mteja anayepunguza bei, ungedhani mteja huyo yupo pale pale. Nilianza kutoka bandarini mapema kidogo. Nilijiambia ni kwa ajili ya Waitaliano.

Siku moja nilifika, akanifungia karanga kwenye karatasi nyeupe mpya, ya daftari. Nilihisi kama nimepokonywa.

"Mama, nifungie tu mu ile ya zamani."

"Hapana. Weye si muntu wa kufungia mu karatasi chafu."

"Minye napenda ile ya zamani. Ile nyeupe uiweke, itakuharibikia bure."

Aliacha kukunja. Aliniangalia, kisha akainamisha uso, na nikaona ameona haya kama msichana. Akatoa ile ya zamani, akaifuta kwanza kwa upindo wa kitenge chake, akasema kwa sauti ya chini kwamba kumbe niko mpole, sijivuni. Hapo nilielewa. Sitasema nilikuwa bado sijui. Nilielewa pale pale, nimesimama na mkono wangu umenyooshwa, na pale ndipo ningesema. Lakini karatasi aliyokuwa akiifuta ilikuwa mwanzo wa Wafaransa, na Wafaransa wakiisha, Wabelgiji hawako mbali. Nikasema asante, nikaipokea.

Yaya aliambiwa na wanawake wa ndagala. Alirudi nyumbani siku hiyo bila kuniuliza neno, akapika samaki mkubwa, akanitengea mimi kwanza. Kesho yake nikasikia anaimba akifagia uwanja. Tangu tumzike mke wangu, yaya hakuwa ameimba nyumbani kwangu nje ya nyimbo za kanisa. Kisha akaanza yeye mwenyewe kwenda kununua karanga kule, wakaongea, wakapendana, akarudi ananiambia mwanamke yule ana heshima, anasali, mikono yake haikai bure. Niliitikia "mm" tu. Hiyo "mm" yangu yaya aliibeba mji mzima.

Na ni yaya aliyeniletea habari ya mkulima mmoja. Alikuwa mtu wa Luvungi, ana mashamba ya mpunga kule na mengine Kiringye, mjane wetu alimfahamu kupitia wale waleta karanga, na alikwisha kutuma watu wake kwa wazee wa mama huyo kumposa. Mtu mzima, mwenye nia.

"Amemukataa," yaya akasema, na macho yake yaling'aa. "Amewaambia ku kwabo iko anangoja muntu. Unasikia? Iko anangoja weye."

Nilikuwa nakula. Niliendelea kutafuna. Mwanamke mwenye maisha yake, aliyefungua meza yake kila asubuhi tangu azike mumewe, amemfungia mlango mtu wa kweli kwa sababu ya mtu anayekuja kuokota manowari. Nafsi ilinisuta hadi nikaweka kijiko chini. Yaya alidhani ni furaha.

Ningependa kuandika kwamba kesho yake nilikwenda kumwambia. Nilikwenda, ni kweli. Nilifika, nikaangalia ndani ya beseni, nikaona kitabu kimebaki unene wa kidole, na zile kurasa zilizoshikana zimeanza kukauka na kuachana. Nikanunua karanga. Nikanunua tena siku iliyofuata, na wiki iliyofuata. Wahispania walipita, Wadenmarki wakapita. Nikawa nampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nacheka vichekesho vyake, na mara nyingi nilicheka kwa kweli, na hilo ndilo lililonichanganya zaidi. Nikitoka pale nilijichukia. Nikiwa pale sikujichukia hata kidogo.

Aliyevunja mambo ni yeye. Jioni moja, jua likiwa bado juu ya mlima, nilimkuta anafunga meza. Hakunikunjia pembe. Alisimama wima, akashika mikono yake mbele.

"Papa, ku kwetu wananiuliza. Kila siku wananiuliza. Niwaambie nini?"

Wanawake wa ndagala walijifanya wanahesabu samaki. Nilimwomba tusogee upande wa duka la dawa, na hapo nikamwambia. Sikupamba. Nilisema nilikuwa nakuja kwa ajili ya karatasi. Kwamba kile kitabu kilichomo ndani ya beseni ni cha meli za vita, kwamba mimi ni mtu wa kuvikusanya, kwamba niliogopa kukitaja, na kwamba nilijua wanavyotuchukulia nikakaa kimya.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Karatasi ya kufungia," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Yenye meli."

"Ndiyo."

Kisha akauliza swali ambalo bado linanijia nikiwa nanyoa ndevu, nikiwa kwenye foleni ya forodha, popote.

"Siku zote?"

Jibu la kweli lilikuwa hapana. Hapana, si siku zote. Tangu Waitaliano sijui tena nilikuwa nakuja kwa ajili ya nini. Lakini nilijiona mwongo mkubwa kiasi kwamba nilidhani neno lolote tamu litakalonitoka litakuwa uongo mwingine. Nilitaka, kwa mara moja, kuwa mtu mnyoofu mbele yake. Kwa hiyo nilisema:

"Siku zote."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa bei na kuikubali. Akarudi kwenye meza, akainama, akatoa kipande cha kitabu kilichobaki, akaniletea. Nilirudisha mikono nyuma. Akaniwekea kifuani, ikabidi nikishike.

"Chukua. Sitaki ukuye ku kwetu na kichwa ku karatasi."

"Ku kwenu?"

"Mu hii soko wote wanajua ninakungoja. Ukiacha kukuya tu hivi, ni minye nimeachwa. Minye siachwe. Utatuma watu wako wapige hodi, walete sukre, wakae. Na minye nitakataa, mbele ya wote. Umesikia?"

Nilisikia. Kwetu, kabla mahari haijatajwa, jamaa wa mwanaume hutangulia kwenda kupiga hodi kwa kina mwanamke, hata akiwa mjane. Wanabeba vinywaji, na kwa sisi watu wa kanisa ni sukre, yaani soda. Makasha huwekwa katikati ya watu, hayafunguliwi. Mwanamke huitwa, akaulizwa kama kinywaji hiki kinywewe au kiachwe. Akisema kinywewe, mambo yameanza. Akisema kiachwe, wageni wanabeba makasha yao na kurudi walikotoka. Ni mara chache sana mtu hufika hapo kukataliwa, kwa sababu kila kitu kimekwisha kujulikana kabla. Kukataliwa hapo ni habari ya mwaka.

Nikasema nimekubali. Ningekataaje?

Kitabu nilikifungua nyumbani. Ubelgiji ulikuwemo, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, baada ya mambo mengine yote, kulikuwa na mistari michache: chombo kimoja cha mvuke na mashua mbili za mizinga, Tanganyika. Hakuna mchoro. Hakuna unene wa deraya, kwa sababu havikuwa nayo. Nilisoma nikasoma tena, nikingoja ile furaha niliyoitafuta miaka yote. Haikuja. Nilikifunga, nikakipandisha juu ya kabati na vingine.

Yaya nilimwambia tu kwamba ni wakati wa kupiga hodi. Sikumwambia mengine. Makubaliano yalikuwa kwamba mwanamke ndiye akatae mbele ya wote, na kama yaya angejua, uso wake ungetusaliti sote. Huo ndio udhuru niliojipa. Alinikumbatia akalia. Alishona kitenge kipya, akamshonea na mke wa baba yetu mdogo kitenge hichohicho wavae sare. Baba mdogo, mdogo wa marehemu baba yetu, ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Alifanya mazoezi ya hotuba uani kwangu, akitembea huku na huko, na yaya akimkosoa. Nilikaa nawaangalia. Nilijiona kama mtu anayewapeleka watu wake sokoni kuwauza, nao wanajipamba kwa furaha.

Wakwe wasiokuwa wakwe walikuwa Kavimvira, uani kwa mjomba wa mwanamke. Walitupanga viti chini ya hema la turubai. Baba mdogo alisema vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia, akachekesha watu, akapigiwa makofi. Mjomba mtu naye akajibu kwa utani wake, akauliza kama tumepotea njia ya kwenda Bujumbura. Makasha yetu yalikaa katikati, soda za rangi zote, jua likizipiga. Kisha mjomba akaagiza aitwe.

Alikuja na shangazi yake nyuma. Kitenge chake kilikuwa cha bluu na njano, kichwani amefunga vizuri sana, na nilimwona jinsi alivyo, kwa mara ya kwanza bila beseni kati yetu. Akapiga magoti kando ya makasha. Ghafla nikajua ninachokitaka. Nilitaka aseme kinywewe. Niliomba, mimi ambaye hata chini ya risasi sikuomba, kwamba abadili mawazo, asahau mapatano, asahau ile "siku zote" yangu ya kijinga.

"Binti yangu," mjomba akasema, "hawa wageni wametuletea kinywaji. Tukikunywe ao tukiache?"

Nilihisi ananiangalia. Nilihisi kabisa, kama mtu anavyohisi jua upande mmoja wa uso. Kwa desturi mwanaume haruhusiwi kufungua mdomo hapo, lakini macho hayajakatazwa na mtu. Niliona aibu kumkabili. Niliinamisha kichwa, nikaangalia viatu vyangu, vilivyokuwa na vumbi la Kavimvira.

"Mukiache," alisema.

Yaya alivuta pumzi kama aliyechomwa. Mjomba, aliyejiandaa kwa jibu lingine, alikohoa, akamuuliza sababu, maana watu wamekuja kwa heshima na lazima warudi na neno.

"Hana ubaya. Iko muntu muzuri," akasema. "Lakini haniangalie. Hata sasa, mumuone."

Watu wote wakaniona. Wengine wakacheka kidogo, si kwa ubaya, kwa sababu kweli nilikuwa naangalia viatu. Nilipoinua macho alikuwa amekwisha kusimama, amegeuka, shangazi yake amemshika kiwiko wanaingia ndani. Niliona mgongo wake tu na fundo la kitambaa kichwani.

Sijui kama yule mkulima wa Luvungi alirudi. Siulizi. Meza ya mwanamke yule ipo palepale, na wanawake wa ndagala wanamheshimu kuliko zamani: yeye ndiye aliyemkataa deklaran. Yaya akipita pale humsonya kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Mwanamke yule husikia, akaendelea kukunja karatasi, hamjibu, wakati neno lake moja lingetosha kunimaliza mbele ya dada yangu.

Siku ile tulirudi na makasha yetu kwa pikipiki, chupa zikigongana njia nzima, watu wakigeuka kuangalia. Nyumbani baba mdogo aliaga bila kukaa. Yaya hakuvua hata kitenge chake kipya. Alinikalisha uani, akachukua chupa moja, akaifungua kwa meno kama alivyokuwa akifanya tukiwa watoto, akanishikisha mkononi.

"Kunywa, mwana wa mama," akasema, akinipangusa vumbi begani. "Ule mwanamuke hajue amepoteza nini. Muntu wa moyo safi kama weye."

Soda ilikuwa imepata moto juani. Niliinywa yote, kwa sababu yeye alisimama pale kuniangalia mpaka niimalize.